Kadi Ndani ya Chumvi

Mimi ni mwoga, sifichi. Nauza vitenge Tunduma, nagombana na madereva wa malori mchana kutwa, lakini nikilala kwa Bibi Gwantwa kule Mbozi, jua likishazama siendi hata chooni. Mlango wa nyumba ile ukifungwa jioni haufunguliwi, awe mchungaji awe nani. Wajukuu wote tumekua tukijua kwamba Babu Zebedayo alifia mgodini Zambia, akazikwa, kisha usiku wa Krismasi, mvua ikinyesha, akaja kugonga.

Mwili haukuletwa. Ukoo wetu ukafanya unavyofanya siku zote: wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika na kuulilia. Aliyezikwa hivyo akikuita mlangoni huitikii. Ukiitika, umemfuata.

Juzi tuligawana vitu vya marehemu Babu Anania, mdogo wake Zebedayo. Mimi nikaangukiwa na kopo la chumvi ya Ivuna iliyoganda kama jiwe. Nilipoigonga kwa mchi ikatoka kadi ya posta, yenye picha ya mtaa wa Kitwe, Zambia. Nyuma imeandikwa: "Gwantwa mke wangu, nilikuwa hospitali, mguu ulivunjika. Sasa natembea. Krismasi nitakuwa nyumbani. Zebedayo."

Muhuri wa posta ulisema Novemba 1973. Msalaba wa kaburi lake unasema Agosti.

Mwanzo niliogopa kama alivyoogopa Anania, aliyekuwa akituchukulia barua misheni: marehemu ameandika. Ndiyo maana akaifukia kwenye chumvi, imzuie mfu asirudi. Halafu akili ikanirudi na hofu ikazidi, maana maiti habandiki stempu. Sasa Krismasi ile aligonga nani?

Nikimwambia Bibi, nimemwambia kwamba alimfungia nje mume wake akiwa hai, kwenye mvua. Nikinyamaza, atakufa akiogopa mzimu ambao haukuwepo. Nilitamani kuirudisha kadi ndani ya kopo na kupanda gari la Tunduma.

Nilimkuta uani anachagua maharage kwenye ungo. Macho yake bado makali.

"Umeficha nini, Tusekile?"

"Picha tu, Bibi."

"Soma. Naona ina maandishi."

Nikasoma. Mwezi na mwaka nikaviruka. Bibi hakuacha kuchagua maharage.

"Bibi, yule aliyegonga siku ile," nikaanza, nikashindwa kumalizia.

"Alikuwa anakohoa," akasema. "Mzimu haukohoi, mjukuu wangu. Nilijua ni yeye, mkono wangu uko kwenye komeo. Lakini Anania alinishika, ananiambia nitaua watoto, na baba yako alikuwa mgongoni kwangu. Nikaogopa. Asubuhi niliona alama za viatu na za fimbo kwenye matope, zimeelekea barabarani."

Nikaketi chini kando yake, jua la saa nane liko juu yetu.

"Kwa hiyo miaka yote hii unaogopa nini?"

"Kwamba atarudi aniulize kwa nini."

Akaweka ungo chini, akaipokea kadi. Akaigeuza huku na huku, yeye asiyejua kusoma, kisha akanirudishia.

"Soma tena pale aliponiita mke wangu."

Nikasoma. Akaniambia nirudie.