Waya Unapokomea

Siku ya kwanza ya doki, Mama Pacha alifika ofisini na laptopu begani na viatu vya kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki, akakuta meza yake imesafishwa hata hakuitambua. Mrundikano wa nyaya uliokuwa umejikunja chini ya meza tangu alipoajiriwa, wenye vumbi, kalamu zilizopotea na kisigino cha kiatu ambacho hakuna aliyewahi kukidai, ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na waya mmoja tu. Fundi wa kompyuta alieleza kwamba kisanduku hicho ndicho doki. Skrini, kibodi, kipanya, printa na intaneti vyote vimechomekwa humo kwa nyuma, na kazi ya mfanyakazi ni kuchomeka waya mmoja kwenye laptopu asubuhi na kuuchomoa jioni.

Wazo lilikuwa la meneja. Alikuwa mtu mpole, msalimiaji, lakini akiona waya umelala ovyo kichwa kilimuuma kweli kweli, na idara ya madai ya kampuni ile ya bima ilikuwa imemtesa kwa miaka. Siku hiyo alipita kati ya meza mikono nyuma, akitabasamu. Bwana Mihuri, aliyekaa meza ya jirani na kugonga mihuri kwenye madai yaliyokubaliwa, alisema amewahi kuona harusi zenye furaha ndogo kuliko ile.

Jioni Mama Pacha aliuchomoa waya kwenye laptopu, akainuka aondoke, na meza ikamvuta mkono. Alitazama. Ncha ya waya ilikuwa imeingia kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya saa, kwenye tundu safi ambalo asubuhi halikuwepo. Hakukuwa na damu. Fundi aliitwa, akaja na tochi, akautikisa waya taratibu, akasema umekaa vizuri, hauchezi. Alimshauri asiuvute kwa nguvu kwa sababu dhamana ya kifaa haihusu kuvutwa. Mama Pacha alikuwa na watoto wa kuchukua shuleni, kwa hiyo aliondoka na waya mkononi. Doki iliachia waya kidogo kidogo kadiri alivyotembea, akashuka ngazi, akavuka barabara, akafika nyumbani. Pacha wake walimuuliza kama na wao watapewa, akawaambia wamalize shule kwanza.

Wiki haikuisha kabla idara nzima haijawa hivyo hivyo. Mitaani watu walizoea upesi. Nyaya zilipita juu ya kuta na chini ya mageti, wenye pikipiki wakapunguza mwendo, na wenye nguo za kuanika hawakuhitaji tena kununua kamba. Mtu akipotea aliambiwa afuate waya wa fulani, akifika pale unapopinda aulize tena. Kitu pekee kilichobadilika kwa wafanyakazi wenyewe ni kwamba dai likiingia ofisini, hata kama ni Jumapili na mtu yuko bafuni, vidole vilianza kucheza vyenyewe, kama viko juu ya kibodi, hadi likamilike.

Mwanamke mmoja wa masijala hakuipenda hali hiyo, akauchomoa wa kwake. Kesho yake mlinzi getini alimuuliza yeye ni nani, na hakuwa anamtania. Ndani nako hakuna aliyemjua. Bwana Mihuri, aliyekula naye mchana kwa miaka, alimtazama kwa adabu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. Baadaye walijua tu kwamba kulikuwa na mtu, kwa sababu kiti kilibaki kimeshushwa kwa kipimo cha mtu mfupi. Yasemekana nyumbani kwake mama yake mzazi alimfungulia mlango na kumuuliza anamtafuta nani. Mama Pacha aliisikia habari hiyo, na tangu siku hiyo akawa anaulaza mkono wake wa kushoto juu ya mto wa peke yake.

Waya wake ulifika nyumbani, ukavuka duka, ukakomea kwenye kona ya maseremala. Mama yake aliishi mitaa michache mbele ya kona hiyo, pamoja na kaka yake. Kila Jumamosi, tangu mikono ya bibi huyo iliposhindwa kufika kisogoni, Mama Pacha alikwenda kumsuka. Bibi hakukubali mkono mwingine. Wakwe walijaribu, jirani mwenye saluni alijaribu, wote aliwaambia wanamvuta. Basi Jumamosi ya kwanza ya waya, Mama Pacha alipofika kona na kuhisi mkono umekaza, alituma salamu, na mama yake akaja mwenyewe akiwa amebeba kigoda. Akaketi katikati ya maranda ya mbao, akainamisha kichwa.

"Huo waya unakula nini?" aliuliza.

"Hauli kitu, mama."

"Basi unayeliwa ni wewe. Haya, nisuke."

Ikawa desturi. Bibi aliipenda ile kona. Maseremala walimwekea benchi lenye mgongo, naye akawaamulia ugomvi wao na kuwakosolea makabati yao. Mama Pacha alikuwa akisuka polepole makusudi, na kama dai likiingia katikati, bibi alisubiri hadi vidole vya binti yake vimrudie.

Mambo yaliharibika siku meneja alipoamua kutembea kwa miguu kwenda kukata nywele. Aliziona nyaya za idara yake zimetapakaa mji mzima, zimepishana, zimening'iniza mashuka ya watu. Alirudi ofisini ameshika kichwa. Alisema ndani wametengeneza meza safi na uchafu wote wameumwaga nje, na kwamba kampuni inajulikana kwa kazi zake. Hapo hapo fundi alitumwa na gunia la vifungo vya plastiki. Alizikusanya nyaya zote kuwa mkungu mmoja, akazibana kila baada ya hatua, kwa ustadi ambao lazima usifiwe. Barabarani ikabaki kamba moja nene, nyeusi, iliyonyooka.

Kosa lililofanyika lilikuwa dogo na hakuna aliyeliona hadi jioni. Mkungu huenda mbali kadiri ya waya wake mfupi kuliko zote, na waya mfupi kuliko zote ulikuwa wa Bwana Mihuri, aliyepanga nyumba nyuma tu ya ofisi. Kwa hiyo idara nzima ya madai ilihamia kwa Bwana Mihuri. Mke wake alitandika mikeka sebuleni, akauliza tu nani anakoroma ili alale karibu na dirisha. Baba wa pacha aliwaleta watoto jioni kumwona mama yao, wakafanyia kazi zao za shule barazani. Maisha yakaendelea. Walipishana bafuni, na mmoja akienda haja wengine walisimama kando ya mlango wakizungumza mambo ya siasa.

Jumamosi bibi alifika kona na kigoda chake, akakaa hadi maseremala walipofunga. Jumamosi iliyofuata alifika tena. Hakuwa na miguu ya kumfikisha hadi kwa Bwana Mihuri, na alikataa kubebwa kama kabati. Ya baada ya hapo hakutoka kitandani.

Kaka mtu alikuja hadi barazani, akakataa kiti.

"Mama anakuita," alisema. "Nywele zimefumuka zote. Hataki kuguswa na mtu."

"Siwezi kufika, kaka. Unaona mwenyewe."

"Uchomoe huo waya."

Mama Pacha aliushika. Aliuvuta kidogo, akahisi unalegea kwenye kifundo, kumbe haukuwa mgumu hata kidogo. Akaona jinsi angekimbia hadi kitandani kwa mama yake, mama ageuze shingo na kumuuliza yeye ni nani. Akausukuma waya ndani tena, akalia mbele ya wenzake, nao wakatazama chini kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Asubuhi alikwenda kwa meneja, wenzake wakiwa wamejipanga nyuma yake ukumbini. Meneja alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, na macho yalimlowa. Naye alikuwa na mama.

"Pole sana. Likizo umepata," alisema. "Tena chukua siku unazotaka."

"Na waya, bosi?"

"Waya si likizo, Mama Pacha. Waya ni vifaa."

Alimwita fundi. Fundi alisema anaweza kukata vifungo na kuurudisha waya wa Mama Pacha peke yake, ni kazi ndogo. Meneja aliuliza kama mtaa utabaki nadhifu. Fundi, ambaye hakuwa mwongo, alisema hautabaki. Meneja alifumba macho, akabonyeza paji la uso kwa vidole, akasema basi waone mwezi ujao. Mama Pacha alitumia likizo yake barazani kwa Bwana Mihuri, akitazama upande wa kona.

Bibi alifariki siku ya Ijumaa. Kaka mtu hakuja kusema. Alimtuma seremala mmoja, ambaye alisimama getini na kofia mkononi. Alieleza kwamba wao ndio waliotengeneza jeneza, kwamba marehemu alikuwa ameshawaambia mbao gani hazitaki, na kwamba watapita njia hii kesho wakienda makaburini, ingawa ni kuzunguka.

Kweli walipita. Gari liliposimama, maseremala walilishusha jeneza, wakaliweka chini barabarani mbele ya nyumba na kufungua kifuniko. Nywele za bibi zilikuwa zimesimama pande zote, nyeupe, kama alivyoziacha. Mama Pacha alitoka barazani na kichana. Alikwenda hadi waya ulipokaza, akapiga magoti, akanyoosha mikono. Alikosa kama urefu wa mkono mmoja. Maseremala walitaka kulisogeza, lakini kati ya jeneza na Mama Pacha palikuwa na mtaro, na upande wa kwake hapakuwa na nafasi ya kuliweka.

Bwana Mihuri ndiye aliyeanza. Alishika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, akaegemea mbele kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa mdogo. Wengine wakamfuata, idara nzima, migongo imeinama, nyayo zimejichimbia mchangani, wakavuta pamoja kuelekea barabarani. Mkungu ulilia. Kisha upande wa ofisini kitu fulani kikaachia, wakapata urefu wa mkono, na vidole vya Mama Pacha vikafika.

Alichana. Akagawa nywele katikati, akaanza upande wa kushoto, mistari ile ile ya kila Jumamosi, akiwa na haraka na bado akiwa hamvuti. Kaka yake alisimama pembeni na uso umekunjamana, akimshikia mafuta. Alipofika utosini, dai liliingia. Vidole vyake vilianza kucheza hewani juu ya kichwa cha mama yake, vikiandika namba ya gari lililogonga ukuta mahali fulani, huku nyuma yake watu wakihema na kusogezwa nyuma. Dai lilipokamilika, Bwana Mihuri hakuwa na nguvu tena. Waliteleza wote kurudi barazani. Mama Pacha aliburutwa kwa magoti, mkono wa kulia bado umeshika kichana.

Kaka mtu alitazama kichwa kilichosukwa upande mmoja. "Hivyo hivyo," alisema. "Angalau kuna upande uliosukwa na mkono alioutaka." Wakafunga kifuniko, wakapandisha jeneza garini, wakaenda.

Jumatatu meneja alikuta meza zote za idara zimehama. Zilikuwa zimebanana dirishani, nyingine zimepandiana, doki zikining'inia nje. Hakufoka. Aliwakusanya wafanyakazi, akampa Mama Pacha pole kwa niaba ya kampuni na kumkabidhi maua. Kisha akawapongeza wote, kwa maana ripoti ilionyesha kwamba katika kipindi chote hicho kigumu hakuna hata mmoja aliyekatika. Wakapiga makofi kidogo. Baada ya hapo aliagiza meza zirudishwe kwenye mstari na zifungwe skrubu sakafuni, zisije zikasogea tena.

Fundi alianzia mlangoni na mashine yake ya kutobolea, akaja meza baada ya meza. Alipofika kwa Mama Pacha alichuchumaa, akasubiri kidogo kwa heshima, akamwomba radhi kwa kumsumbua miguu. Mama Pacha aliiinua yote miwili na kuishikilia juu hadi skrubu ya mwisho ilipoingia, huku mikono yake ikiendelea kuandika.