Mkono Uliobaki kwenye Bati

Chini ya kitanda cha Kui kulikuwa na sanduku lililojaa safari ambazo hakuwahi kusafiri: tiketi za gari la moshi zilizotobolewa, vibandiko vya hoteli ambazo hazipo tena, kalenda ya shirika la ndege ya mwaka wa hamsini na saba. Ndugu zake pale Ruiru walimwita Mama Takataka. Yeye alicheka tu, akivuta mikono ya sweta ifunike viganja, tabia yake tangu utotoni.

Alichokitafuta hasa hakikuwa sandukuni. Kilikuwa bati la tangazo la basi lililoitwa Nyota ya Chania. Kabla ya Uhuru, wenye basi walimvalisha babu yake, Guka Njau, koti la kifahari, wakamchora akiinua kofia kuwaaga waendao Mombasa. Picha zake nyingine ziliteketea pamoja na nyumba. Juzi nyanya yake, Cucu Warigia, alikuwa amesema polepole, kama anayesema kuhusu mvua, “Uso wake umeanza kunipotea.”

Jumatano Salim, mnunuzi wa vyuma vikuukuu mjini Thika, alipiga simu.

“Kui, sasa! Ile kitu yako nimeiona. Iko huku mtaa wa Landless kwa Mama Mwanarusi, amefanya mlango ya banda ya kuku. Imejaa masizi, lakini mtu na kofia yake anaonekana.”

“Uso unaonekana?”

“Uso, meno, kila kitu! Ningekutumia picha, lakini hii kabambe yangu inajua kupiga simu tu. Nitamwambia unakuja Jumamosi.”

Jumamosi Mama Mwanarusi, mjane mnene mwenye leso ya manjano, alimpokea kwa chai na mahamri. Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefunikwa kitambaa safi.

“Mgeni atoke Ruiru nimpe kitu chafu?” alisema. “Tangu asubuhi niko hapo na majivu na stilwaya. Mkono umekufa ganzi!”

Akafunua.

Bati liling’aa kama sufuria za harusi. Koti halikuwepo. Basi halikuwepo. Pale palipokuwa na uso palikuwa na mwanga mtupu. Ukingoni tu, mahali ambapo ubao wa mlango ulikuwa umepigiliwa misumari, rangi ilikuwa imesalia: mkono mmoja na ncha ya mkono wa koti, na kofia juu yake.

Kui akavuta mikono ya sweta ikafunika viganja.

“Vipi, mwanangu? Ama nimeharibu?”

Kui alitazama vidole vya yule mama, vilivyochubuka na bado vyeusi kwa majivu.

“Hapana, Mama. Imetakata kabisa. Asante.”

Mama Mwanarusi alikataa katakata kulipwa. “Bati ya kuku? Nenda zako!”

Njia nzima hadi Theta, kwa Cucu, Kui alitunga maneno. Alipofika, yote yalimtoroka. Aliliweka bati mapajani mwa bibi kizee, akasema, “Lilisuguliwa, Cucu. Uso umefutika. Pole.”

Cucu aliinama, akapapasa sehemu inayong’aa, kisha akafika ukingoni. Kidole chake kikasimama. Mabega yakaanza kutikisika, na Kui akadhani analia.

“Ĩĩ! Ona hii koti!” Cucu alikuwa anacheka. “Haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye basi, mtu mfupi kama kisiki. Mkono wa koti umeishia hapa, kifundo chote kiko nje! Tulimcheka mpaka kanisani.”

“Yeye alisemaje?”

“Aseme nini? Huyo hata Mombasa hakuwahi kufika. Lakini watu wakimwuliza habari ya bahari, anawaeleza mpaka chumvi! Akidanganya, jicho moja lilikuwa linafumba kidogo, hivi.” Cucu akafumba jicho la kushoto, akalifumbua. Kisha akatazama tena pale palipokuwa na uso, na tabasamu halikuondoka.

“Lete mkono,” akasema.

Kui akaunyosha. Cucu akaupandisha mkono wa sweta mpaka kiwikoni, akauweka mkono wa mjukuu kando ya ule uliochorwa. Kifundo kilekile kilichochomoza kama punje ya njugu. Vidole virefu vilevile.

“Kila mara unavificha,” Cucu alisema. “Nilidhani ni baridi.”

Walilitundika bati mbele ya kiti chake jioni hiyo. Kui ndiye aliyeinua nyundo kupigilia misumari, na sweta aliiacha vilevile, kiwikoni.