Uzito wa Nyuma

Ijumaa ile sikutulia hata kidogo. Redio ilikuwa imesema theluji nzito itashuka usiku kwetu milimani Rodopi, na kesho yake saa mbili asubuhi mke wangu, Stoilka, alitakiwa awe hospitali mjini kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimegoma tangu masika. Anaenda mara tatu kwa wiki, hakuna kuruka. Gari la wagonjwa halipandi hadi kwetu, linasubiri barabara kuu, kilomita nne chini, na hizo kilomita nne ni zangu mimi na trekta letu dogo. Diwani? Huyo tunamwona wakati wa kura tu.

Basi nilianza mapema. Dizeli ya kiangazi niliimwaga yote, maana baridi ikikaza inaganda na kuziba chujio, nikatia ya majira ya baridi. Nikabadili oili, nikachaji betri, nikapaka grisi. Nikafunga bamba la kusukumia theluji mbele na minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Kisha nikaanza kukagua upya, nikijua fika nimeshakagua.

Manol, kaka yake Stoilka, alikuwa ameegemea mlango wa banda na kahawa yake.

"Shemeji, hilo trekta ukiligusa tena litakushtaki."

"Wewe kunywa kahawa yako, uniache."

Theluji ya kwanza ilitangulia, saa nane mchana ilishafika vifundoni. Kila mwaka tukilijaribu trekta, Stoilka hukaa kwenye sanduku la mbao kule nyuma. Bamba ni zito, linafanya nyuma iwe nyepesi, na wenzangu hufunga bonge la zege ili kusawazisha. Mimi ninaye mke. Hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yangu miaka thelathini, kijiji kizima kikicheka, na yeye akicheka kuliko wote.

"Leo usipande," nikamwambia. "Baridi hii si yako."

"Sogea huko. Hicho ni kiti changu."

Akapanda, amejifunga shali mbili.

Nikakishika kilima cha nyuma ya kanisa, tunapolijaribia kila mwaka. Katikati, magurudumu yakaanza kuzunguka palepale. Nikarudi chini, nikajaribu tena, yakachimba shimo. Jasho likanitoka. Nikashuka, nikakaza minyororo, nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi, nikapanda tena. Wapi! Nikamtukana aliyeniuzia minyororo, nikamgeukia Manol aliyenisaidia kuifunga.

"Mimi nimefunga kama mwaka jana," akasema. "Pingili ileile."

"Basi mbona halipandi? Mwaka jana lilipanda."

Manol alitazama sanduku, kisha akatazama buti zake.

"Rusko," Stoilka akaniita taratibu. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mwaka jana nilikuwa na kilo themanini na mbili. Jana walinipima, hamsini na tatu. Usiisingizie minyororo."

Kumbe nilikuwa nimekagua kila skrubu ya lile trekta, na mtu ninayelala naye kitanda kimoja sikumwangalia. Niliona aibu. Halafu ukanishika woga, woga wa kweli.

Tukabomoa ukuta wa zizi la zamani, tukapata mawe. Manol akaleta mizani ya kupimia viazi. Niliyapanga pembeni mwa sanduku, nikaacha katikati nafasi ya mtu mmoja.

"Kilo thelathini zinatosha," nikasema, "ukijumlisha na zako."

"Jaza," akasema Stoilka.

"Sasa wewe utakaa wapi?"

"Ndani ya gari la Manol, nyuma yako, kwenye joto. Jaza sanduku lote, Rusko. Sitaki siku moja ukwame hapo mlimani kwa sababu ulinihesabu na mimi."

Manol aligeuka, akajifanya anatafuta glavu zake. Mimi niliinama, nikaokota jiwe jingine, nikaliweka pale anapokaa mke wangu, na jingine juu yake, mpaka pakajaa.

Trekta lilipanda kilima moja kwa moja bila kuteleza, na mimi juu yake nikilia.