Likizo ya Mama Padri

Mtu akikwambia anakupeleka ukapumzike, muulize kwanza mtarudi lini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikafunga mizigo.

Mume wangu Ignasi ni padri. Sisi ni Waanglikana na mapadri wetu huoa, kwa hiyo msinishangae. Tangu tuoane tulikuwa tunatumikia kijiji cha Nakalola, kusini, upande wa Masasi, na Nakalola ndiko kwetu mimi. Ndiko aliko mama yangu, ambaye macho yalikuwa yameshazimika, hata chakula hali mpaka asikie sauti yangu. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia upande wa mke. Siku ya posa mjomba wangu Shaibu alimkalisha Ignasi mkekani akamwambia, "Huyu unamwoa, lakini huhami naye." Ignasi akajibu kwamba amesikia. Mapadri wengine walikuwa wakihamishwa huku na huku, sisi tukaachwa palepale. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na baada ya Mungu nilimshukuru mume wangu.

Basi mwaka ule wa foleni, vita ilipokwisha, askofu akatupa likizo ndefu. Hakuna ibada, hakuna misiba, hakuna vikao vya wazee wa kanisa, wala mtu wa kutubishia hodi alfajiri eti kaota jini. Ignasi alikuwa amekonda, na mimi nilikuwa nimechoka kuwapikia wageni wasiokwisha. Rafiki yangu Klara, mwenyekiti wa akina mama, aliahidi kumtunza mama. Siku ya kuondoka wanawake walinifunga kanga, wakalia mpaka nikawacheka. "Nyie, naenda kutembea, siendi kuzikwa!" Klara hakucheka, alizidi kulia tu.

Likizo ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Tulikaa Lindi tukila pweza na kulala mchana bila aibu. Tukapanda meli hadi Dar es Salaam, tukaenda Bagamoyo, tukaenda Morogoro tukasikia baridi ya mlimani. Ignasi aliivua kola yake nyeupe akavaa shati la maua, na watu njiani wakamwita mzee, siyo padri. Morogoro alinishika mkono mbele za watu. Mwanamume yule alikuwa hajanishika mkono mchana hata siku moja, na mimi mtu mzima nikaona haya kama mwali.

Mwisho tukarudi Dar, tukapanga chumba Mchafukoge kwa Bi Zena, mjane wa Kizaramo mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Kila asubuhi Ignasi alitoka, akisema ananyoosha miguu. Mimi nilikuwa nazunguka Kariakoo nikimtafutia mama zawadi. Soko lilikuwa kubwa na jipya, lakini madukani rafu zilikuwa tupu. Ukiona foleni unaingia kwanza, kisha ndiyo unauliza wanauza nini. Sikutaka makubwa. Kule kwetu tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, nikasema mama angalau anuse sabuni.

Jumamosi moja Bi Zena akaniita uani. "Mwanangu, sabuni imeshuka duka la ushirika. Kimbia! Ukiulizwa, sema uko kwa Zena. Balozi mwenyewe yuko palepale."

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Shomari, na kweli alikuwa amesimama mlangoni mwa duka akilinda sabuni ya mtaa wake isiishie kwa watu wa kupita. Zamu yangu ilipofika, muuzaji alinitazama juu mpaka chini.

"Huyu simjui. Wageni hawapewi, mama. Kachukue kwenu."

"Mpe huyo," Mzee Shomari akasema. "Mgeni wapi? Huyo mkazi. Ndiye mke wa padri mpya. Mumewe alikuja kwangu mwenyewe kujiandikisha, wanasubiri nyumba ya kanisa imalizwe chokaa waingie."

Nikacheka. "Shikamoo mzee wangu, lakini umetuchanganya na wengine. Sisi mwezi ujao tunarudi kusini."

"Marahaba. Nyumba kumi tu, mwanangu, nitachanganya nini? Padri Ignasi, mrefu, ana pengo hapa mbele. Siye?"

Alikuwa ndiye. Muuzaji akaniwekea mche wa sabuni mkononi, na wanawake wa nyuma yangu wakasema karibu mjini, mama, utatuzoea. Nikawashukuru. Sijui mdomo wangu uliipata wapi adabu ile.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kanisa, mitaa michache kutoka pale. Ilikuwa inanuka chokaa mbichi. Ignasi alikuwa jikoni, kola yake shingoni, anamwonyesha fundi pa kupigilia rafu. Mkono wake alikuwa ameusimamisha usawa wa kichwa changu, ili nisipate shida ya kufikia vyombo. Hilo liliniuma kuliko kola. Fundi alituangalia, akachukua nyundo yake akatoka.

"Mama," Ignasi akasema. "Nilitaka iishe kwanza ndiyo uione."

"Askofu kakuhamisha?"

Mume wangu hawezi kuongopa akiulizwa waziwazi. Ndiyo sababu alikuwa ananikimbia kila asubuhi.

"Niliomba mwenyewe," akasema. "Kabla ya Kwaresima. Nakalola padri mwingine ameshaingia."

"Na likizo?"

"Likizo ni ya kweli. Nikasema ukipumzika, ukauona mji, moyo wako utalainika. Ningekwambia kule ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Sasa mtu anaulizwa ili iweje?"

Akakaa juu ya ndoo ya chokaa, akashika kichwa. "Evarista, nimekuwa padri wa ukweni miaka yote. Nikisema neno kanisani, wanatazama kwanza mjomba wako amekunja uso au hakukunja. Nataka kanisa ambalo mimi si mkwe wa mtu."

Ubaya ni kwamba nilimwelewa. Maneno yale angeyasema Nakalola, tumekaa wawili uani, ningelia, ningemgombeza, lakini ningeyasikiliza, na pengine tungepata njia. Yeye akaona afadhali anitembeze nchi nzima akinishika mkono. Nikaikumbuka Morogoro, nikataka kunawa.

"Mjomba akisikia?"

"Anajua. Nilimwendea akaniruhusu. Alisema mimi nikwambie."

"Klara?"

Akatazama sakafu. "Niliwaomba akina mama wasikwambie. Walikubali kwa shida."

Kumbe kijiji kizima kiliniaga, na mimi peke yangu ndiye niliyedhani naenda kutembea. Niliwacheka watu waliokuwa wananililia. 

"Na mama yangu, Ignasi?" Nilikuwa sijawahi kumwita kwa jina lake tupu, na alishtuka. "Mama yangu kaambiwa nini?"

"Hajaambiwa," akasema taratibu. "Akikuulizia, Klara humwambia uko njiani unarudi."

Nilitoka nikaenda kukata tiketi ya meli.

Tiketi aliiona mezani, akaenda kuandaa mahubiri yake. Nadhani aliamini ibada itanibadilisha. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kumkaribisha, na mimi nilikwenda, nimevaa vizuri, kwa sababu sikutaka watu wa Mungu waaibike kwa kosa lisilo lao. Kanisa lile lilijaa watu wa kusini waliokuja mjini kutafuta kazi. Mzee wa kanisa alitutaja, tukasimama, vigelegele vikapigwa mpaka Ignasi akatabasamu na pengo lake likaonekana.

Ikafika saa ya kushiriki Meza ya Bwana. Wanaume walipokea wakarudi kukaa, ikawa zamu ya wanawake, na hakuna aliyeinuka. Kwetu kusini mama padri ndiye anayetangulia, wanawake hawapigi magoti kabla yake, na wale walikuwa wameihamishia desturi hiyo mjini. Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza upya. Ignasi amesimama mbele na sahani ya mkate, ananitazama.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Mama, tunakungoja wewe."

Nilikuwa na neno na mume wangu, na mwenye neno na mwenzake haigusi meza ile mpaka wapatane. Yeye mwenyewe alilihubiri hilo Nakalola mara nyingi, na kwa ukali. Lakini ningekaa, wanawake wote wangekaa kwa ajili yangu. Nikasimama, wakasimama nyuma yangu. Nikaenda mpaka mbele, ila sikupiga magoti.

Akaanza, "Mwili wa Bwana wetu..."

"Meli inaondoka Jumanne," nikamwambia polepole, asikie yeye tu. "Mimi naenda kumwambia mama yangu ukweli. Kama una neno la kuniambia, niambie leo. Nakusubiri nje."

Nikageuka nikawaambia wanawake, "Piteni, mama zangu, msinisubiri." Wakapita, wakapiga magoti. Nikatokea mlango wa pembeni.

Nilisimama uani juani, mkoba kwapani. Nilikuwa nampenda bado, na nilikuwa na hakika atawakabidhi wazee ile sahani aje. Hata kwa muda wa kusema samahani tu. Kwa samahani ile ningeweza hata kuichana tiketi, tukaenda kumchukua mama wote wawili, tukamwuliza kama atakubali kuja. Nikatega sikio nisikie viatu vyake.

Nilisikia wimbo wa kufunga ibada. Waliuimba wote, ubeti kwa ubeti, bila haraka, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Ignasi.