Mwanawe wa Kwenye Bango

Hakuna doa lililowahi kumshinda Mama Povu, dobi wa mtaa mzima. Wino, damu, mafuta ya gari, rangi ya midomo kwenye kola ya mume wa mtu, yote yalimtii. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe mbele ya wateja, mikono kiunoni. Kisha alicheka mpaka akashika ukuta, akaongeza kwamba yale yaliyomkatalia aliyakunja kwa ndani, na mteja akija kuyagundua yuko nyumbani kwake na malipo yako kibindoni.

Wateja walicheka naye. Binti yake hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akikunja.

Binti huyo watu walimwita Pasi, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, halina kazi. Alianza kushika pasi akiwa kigoli, na sasa alikuwa na mvi alizozifunika kwa kitambaa cha kichwani, kimefungwa fundo kwa mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kuungua zilizopangana kama ngazi. Hakuolewa. Si kwamba hakuna aliyekuja, walikuja, lakini kila akija mchumba mama alikuwa na mzigo wa mashuka unaotakiwa kesho, na wachumba nao wana miguu.

Nyuma yake alizaliwa mdogo wake wa kiume, mtanashati, muuza bima, ambaye kila Ijumaa alileta mashati yake na tai zake vifuliwe bure. Pasi alimpachika jina la Bwana Tai. Watu wakimwuliza kama ni tai ya shingoni au tai yule ndege, alijibu, "Ngojeni kwanza atue."

Sasa, ng'ambo ya barabara pakafunguliwa dobi ya mashine, na juu ya mlango wake wakaweka bango la taa linalong'aa hata paka wa mtaa wakahamia kule. Mama Povu yeye alikuwa na kibao kilichoandikwa kwa brashi, kimepauka hata mgeni hudhani ni ubao wa kuziba panya. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, tena wale wa heshima ndio wakawa wa kwanza kuvuka barabara. Mama Povu akaona haya si ya kunyamazia. Akamwita Fundi Taa.

Fundi Taa alikuja na begi la sampuli: vipande vya plastiki, nyaya, na kisanduku cha kubadilisha rangi kwa kubonyeza. Akakichomeka ukutani, na chumba chote cha kupigia pasi kikawa chekundu.

"Toa," Mama Povu akasema. "Watakuja kuniuliza nyama ya mbavu."

Akabonyeza kijani.

"Hapo nitaulizwa dawa ya minyoo."

Akabonyeza samawati.

"Baba, hiyo ni mochwari. Wataniletea sanda."

"Basi mama, iko hii inayowaka na kuzima. Inabadilika rangi yenyewe, wewe unakaa tu."

"Baa hiyo! Waume za watu wakikutwa wanazubaa hapa watasema walileta suruali."

Bwana Tai, ambaye siku hiyo alikuja mapema na alikuwa ameketi juu ya tenga la mashuka, akacheka na kusema ya kuwaka na kuzima ndiyo ya kisasa. Pasi hakuinua macho kwenye shati alilokuwa akilinyoosha. "Nyeupe," akasema. "Dobi anauza nini kama si weupe?"

"Mwenye akili kasema," Mama Povu akaamua, na rangi ikawa nyeupe.

Yakabaki maandishi. Fundi akatoa penseli sikioni. "Niandike 'Dobi Mama Povu na Wanawe'?"

Mama Povu akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akatazama mlango.

"Wanawe wangapi kwenye mlango mmoja?" akasema. "Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikiandika wote, siku nikifumba macho watagawana pasi na waya wake. Andika 'na Mwanawe.' Mwana wa kwenye bango ndiye mwenye duka, maneno yaishe."

"Mwana yupi, mama?"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Lugha yetu ina adabu zake, asikudanganye mtu. Ukisema mwana, haikuulizi amevaa sketi au suruali. Wengine huko wana maneno mawili, na ukitaja moja tayari umeshagombana na mwenye lile la pili. Sisi tuna moja, pana kama shuka ya kitanda kikubwa, na kila mtu anaweza kulala chini yake akadhani amefunikwa peke yake. Pasi alitabasamu kwenye lile shati. Bwana Tai naye alitabasamu juu ya tenga.

Fundi Taa alipokuwa akifunga begi aliongeza jambo la biashara. Siku hizi, alisema, watu hawasomi, wanatazama. Angeweza kukata vivuli viwili vya plastiki, cha mama na cha mwana, viwake pembeni ya maandishi. Mama Povu akasema wazo zuri, yeye na fundi wangelizungumza wenyewe.

Jioni hiyo mama na binti walikunja mashuka ya nyumba ya wageni. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnavuta, kisha mnakutana katikati mkipeana ncha. Walipokutana katikati, Mama Povu hakuziachia zile ncha. Akaufinya mkono wa binti yake.

"Unajua mwanawe ni nani?" akanong'ona. "Ni nani kama si wewe?"

Pasi akaitikia kwa kichwa. Akarudi nyuma na shuka nyingine, akavuta, na ilikuwa bahati kwamba shuka ni pana, ikamziba uso.

Ijumaa Bwana Tai akaleta mzigo wake. "Dada," akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alizoea kupewa tu, "usije ukawa na wasiwasi. Nikishika duka sikutoi. Meza yako ni yako."

"Nani kakwambia utalishika?"

"Mama ana mambo yake," akasema na kumkonyeza.

Maskini, hajui, Pasi akawaza. Akamhurumia kweli. Kola zake siku hiyo alizipiga pasi kwa uangalifu, kama unavyomwekea chai mtu ambaye habari za msiba hazijamfikia.

Siku chache baadaye Mama Povu alimtuma kwa Fundi Taa akaangalie plastiki. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yamegoma, akasema, na hata yasingegoma, mwenye jicho la weupe ni Pasi. "Usikubali ule weupe wa maziwa. Unaonekana kama shuka ya mgonjwa."

Karakana ya fundi ilikuwa na vumbi la plastiki kila mahali, na herufi za mabango ya watu zimeegemea ukutani, O ya fulani imekaa juu ya K ya mwingine. Pasi alichagua weupe wake, akaupapasa, akaridhika. Ndipo akaviona vile vivuli mezani, vimekwisha kukatwa. Kimoja kilikuwa cha mama mnene, mkono kiunoni, kimefanana na Mama Povu kiasi cha kutaka kukiamkia. Kando yake alisimama mtu mrefu, kifua mbele, na shingoni mwake ilining'inia tai.

"Huyu nani?" Pasi akauliza, ingawa hata kipofu angejua.

"Mwana," Fundi Taa akasema, akipuliza vumbi kwa fahari. "Ile tai ilinisumbua, nyembamba, inataka kukatika. Nilimwomba mama tuiache, akakataa katakata. 'Fundi,' akasema, 'bila tai watu watajuaje ni yeye?'"

Pasi akacheka. Alicheka kwa sababu kitu kilipanda kifuani na hakukuwa na mlango mwingine wa kutokea. Akaona zile pembe za shuka, ule mkono uliofinywa. Kwa hiyo hata ufinyo ulikuwa wa kukunja kwa ndani.

"Basi ndiyo sababu nimekuja," akasema, na sauti yake ikatoka nyoofu hata mwenyewe akashangaa. "Mama amebadili. Toa huyo tai. Familia yetu ina mmoja na anatutosha. Weka mwanamke, kitambaa kichwani, fundo kwa mbele, mkononi pasi."

"Mbona hakunipigia?"

"Simu yake imeingia maji. Dobi huyo, ulitaka iingie nini?"

Fundi akakuna kichwa, akaguna, akachukua plastiki nyingine. Pasi akasimama pale, asijipe nafasi ya kuogopa, mpaka alipokiona kivuli chake mwenyewe kimelala mezani.

"Weupe ukoje?" mama akamwuliza aliporudi.

"Hauna doa."

"Umeona nini kingine?"

"Waya, mama. Waya nyingi."

Mama Povu akashusha pumzi kama aliyetua ndoo. Pasi akamwona akiishusha. Hilo lilimuuma kuliko tai.

Siku ya kuwasha bango Mama Povu alialika watu. Alikuja Mama Mashuka, msimamizi wa vyumba vya nyumba ya wageni, mteja wao mkubwa kuliko wote, ambaye akivuka barabara duka linafungwa. Walikuja wenye maduka ya jirani, na hata wale wa dobi ya mashine walitoka mlangoni kwao, wakajifanya wanapunga upepo. Bwana Tai alikuja na tai mpya, ya hariri. Mama Povu alivaa gauni la heshima, akakaa kitini mbele ya mlango. Pasi alisimama nyuma yake, mikono nyuma.

Jua lilipozama, Fundi Taa akapanda ngazi, akavuta shuka iliyofunika bango, akawasha.

Weupe ukamwagika barabarani. DOBI MAMA POVU NA MWANAWE. Pembeni yake mama mnene, mkono kiunoni. Na kando ya mama, mwanamke mwenye fundo la kitambaa mbele ya paji, ameshika pasi.

Bwana Tai akasema, "Huyo nani?"

Mama Povu akainuka kitini, magoti yaliyogoma yakasahau mgomo. Akamtazama fundi. Akageuka taratibu akamtazama Pasi, na Pasi hakukwepesha macho. Mdomo wa mama ulikuwa tayari umefunguka kwa jambo kali. Lakini Mama Mashuka alimtangulia kwa makofi.

"Ee! Leo umenikosha roho!" akapaza sauti. "Haki imetendeka! Nilisema mimi, huyu mama atampa mtoto wa kiume aliyekaa, amwache binti aliyesimama. Kumbe nilikudhulumu! Mama Povu, mama wa mfano wewe!"

Majirani wakapokea makofi. Hata wale wa ng'ambo wakapiga mawili matatu, bila kutaka. Na Mama Povu, ambaye sifa zilimlainisha upesi kuliko maji ya moto yanavyolainisha kola, akafunga mdomo, akaufungua upya, mkono ukaenda kiunoni kama wa yule wa juu.

"Nyie mlidhani nitamweka nani?" akasema.

"Mama!" Bwana Tai akasogea. "Si uliniambia mwanawe ni mimi?"

"Nilikwambia wewe ni mwanangu. Kwani nilikuokota?" Watu wakaangua kicheko, na masikio ya kijana yakaiva.

Fundi Taa, juu ya ngazi, akataka naye kuwa na neno. "Nashukuru mama umeridhika. Niliogopa, maana ulivyobadili ghafla, na sikukusikia kwa sauti yako..."

"Nilibadili, ndiyo," Mama Povu akadakia, asimwachie amalize. "Nilimwita binti yangu chumbani. Nikamketisha kitandani kwangu. Nikamshika mikono yake, si mnajua wa kulia ulivyoungua? Nikamwambia, 'Mwanangu, duka hili ni jasho lako. Nenda kamwambie fundi aniwekee wewe.'" Akapangusa jicho. "Si ndivyo, mama?"

Akamgeukia Pasi, na katika macho yake mlikuwa na ombi na kitisho vimekunjwa pamoja. Watu wote wakamgeukia.

Pasi alijua bei ya kunyamaza: hakuna. Angeitikia kwa kichwa tu, kama siku ile ya mashuka, na duka lingekuwa lake mbele ya mashahidi, mama asingeweza tena kulirudisha nyuma, wala mdogo wake. Maneno yale yale ndiyo aliyoyangoja tangu kigoli, neno kwa neno, hata kushikwa mikono. Sasa ameyasikia yote, mazuri, yamenyooka, na hakuna hata moja lililowahi kutokea.

"Hukuniita, mama," akasema. "Wala hukunituma."

"Umesahau, mwanangu. Ni kazi nyingi..."

"Sijasahau. Nilimdanganya fundi, nilikwenda kwa akili yangu. Wewe uliagiza tai. Ulisema bila tai watu hawatajua ni yeye." Akainyooshea ngazi kidole. "Mwulizeni, yuko hapo juu."

Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Mama Mashuka akainua macho kwa fundi, na wengine wakafuata, Bwana Tai wa mwisho. Fundi Taa akashika ngazi kwa mikono miwili, akamtazama Mama Povu, akingoja amkonyeze aseme lipi.

Mama Povu hakumtazama. Akiwa amesimama katikati ya weupe wote ule, usoni hana pa kujificha, aliinama akaanza kutafuta chini, huku na huku, kitu ambacho hakikuwa kimemwanguka.