Risasi Tano za Bunduki ya Baba

Denzil Sponaugle hakuomba mengi. Tangu daktari alipomrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni, na kuwaambia jamaa zake wasimsumbue tena kwa safari za hospitali, aliomba dirisha la upande wa mlimani liachwe wazi mchana, na aliomba nyama ya kindi. Na si kindi yeyote. Alimwambia mdogo wake, Orville, mbele ya mkewe Reva, akipumzika kila baada ya maneno matatu, kwa sababu vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limeshamla mapafu yote mawili.

"Nataka wa bunduki ya Baba. Nilale hapa niisikie ikilia kule juu. Halafu Reva anipikie na mchuzi mzito, kama wa Mama."

"Utakula, kaka," alisema Orville. Akatoka nje akaketi barazani.

Bunduki ilikuwepo. Ilikuwa imening'inia juu ya mlango wake miaka arobaini, imepakwa mafuta kila vuli. Shida ilikuwa chakula chake. Ilikuwa ya kipimo cha ishirini na tano, ile ya zamani, na viwanda viliacha kutengeneza risasi zake wakati wa vita, vilipoamriwa vitengeneze za askari. Vita vikaisha na hakuna aliyekumbuka kuzirudia. Orville alikuwa na risasi tano, ndani ya boksi la karatasi lililoandikwa hamsini. Hizo arobaini na tano nyingine zilikwenda wapi, hilo lilikuwa lake yeye na Mungu wake, na mama yake aliyekwisha kuzikwa.

Akaenda dukani kwa Wilda Mullenax, mwanamke anayeuza chakula cha mbwa, misumari na leseni za kuwinda juu ya kaunta ile ile, na ulimi wake hauna likizo. Wilda aliishika risasi moja aliyoletewa kwa vidole viwili akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Ishirini na tano? Mzee Orville, hii ipeleke makumbusho, usiipeleke porini."

"Sikuja kuchekwa, Wilda."

"Sikucheki. Nakuonea huruma, ni tofauti." Akageukia rafu. "Ninazo ishirini na mbili za kila namna. Fupi, ndefu, na hii ndefu yenye kichwa kizito ambayo ndiyo kila mtu ananunua. Na magnamu hizi hapa, zile zenye nguvu zaidi. Fupi utaitia kwenye bunduki ya ndefu na italia, ingawa haina nguvu. Hii ya kila mtu ukiitia kwenye bunduki ya magnamu itaingia, lakini imelegea, ganda litapasuka na jicho lako ndilo litakaloadhibiwa. Sasa kwenye hiyo yako hakuna hata moja inayofaa. Ishirini na mbili itacheza mle ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la babake."

"Na nikitafuta mtu wa kujaza upya? Kuna watu wanajaza za kulungu mezani, jikoni kwao."

"Za kulungu zina fataki, ile baruti ya kuwashia, katikati ya kitako. Unaitoa, unapachika mpya. Hizi fataki imemwagwa ndani ya ukingo wenyewe. Ukingo ukishapigwa umepigwa, bwana, hakuna wa kuufufua." Akainama, akatoa bunduki yake nyepesi ya ishirini na mbili nyuma ya kaunta. "Chukua ya kwangu. Kindi hajui habari ya kipimo."

"Denzil anajua."

"Chukua tu. Hizo ajuza zako zikikataa utafanyaje, utampiga kindi kwa mawe?"

Akaichukua, na akaona haya kuichukua.

Hasira ni hasara, kila mtu anasema, na kila mtu anaendelea kukasirika. Mwaka ule wa arobaini na sita, baba yao alipokuwa anakata roho, aliitoa bunduki kwa Denzil kwa kuwa ndiye mkubwa. Haikupita miezi mitatu Denzil akapata kazi migodini, kaunti ya tatu kusini. Akamwachia Orville kila kitu: mama asiyeweza kutembea bila fimbo, ng'ombe, na ua unaoanguka kila theluji ikiyeyuka. "Nitunzie bunduki," alisema akiwa na sanduku mkononi. "Nikirudi tutawinda." Orville alingoja mpaka kaka yake alipopotea kwenye njia ya kuteremkia kituo cha basi. Halafu akachukua boksi zima na kuanza kuipiga nguzo ya ua, moja moja. Alijua vizuri kwamba hazitengenezwi tena. Ndiyo sababu alizipiga. Kama Denzil kaondoka na maisha, basi abaki na chuma kisichokuwa na kitu cha kula. Mama yao akaja na fimbo yake, akaushika mtutu wa moto kwa mkono mtupu, na ndivyo zilivyosalimika zile tano.

Krismasi Denzil alikuja, hakuuliza habari za risasi. Hakuuliza mwaka uliofuata, wala miaka arobaini iliyofuata. Orville alimshukuru Mungu kwa usahaulifu wa kaka yake. Ilikuwa shukrani ya mwoga, na alijua.

Asubuhi iliyofuata alipanda mlima na bunduki mbili. Makindi walikuwa juu ya miti ya hikori wakitafuna kokwa zake, maganda yakidondoka juu ya majani makavu. Kule chini aliliona dirisha la Denzil, liko wazi. Akatia ya kwanza, akamlenga mmoja mnene aliyejibanza kwenye panda ya tawi, akabana.

Tk.

Hakuifungua bunduki mara moja. Risasi nzee huweza kukumbuka kazi yake kwa kuchelewa, kwa hiyo aliuelekeza mtutu kwenye udongo akahesabu hadi thelathini. Halafu akafanya kama baba yake alivyomfundisha: akaitoa, akaizungusha robo ili pini ipige mahali papya pa ukingo, akairudisha. Tk. Robo nyingine. Tk. Robo ya mwisho. Tk. Ya kwanza ikawa imekufa pande zote nne.

Ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu. Kwenye ya nne alijikuta anaibembeleza risasi kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. "Moja tu. Lia mara moja tu." Ya tano aliipiga mara sita, mpaka kitako kikawa na vidonda mzunguko mzima. La kuvunda halina ubani. Akaketi kwenye majani akalia kidogo, kisha akainua bunduki ya Wilda na kumwangusha kindi kwa mlio mdogo mkavu ambao aliuchukia mara tu alipousikia.

Reva alimpika kindi polepole, akatengeneza mchuzi mzito wa unga na maziwa, na mikate midogo ya tanuri. Wakamwinua Denzil kwa mito. Alikula vijiko viwili, akameza kwa taabu, akatabasamu.

"Ni kama wa Mama," alisema. Akapumua. "Lakini ile ilikuwa ishirini na mbili."

"Ndiyo, kaka."

"Za Baba zimekataa?"

"Zote tano."

"Ulizizungusha?"

"Mpaka ukingo ukaniishia. Nisamehe."

Denzil aliinua kidole kumwambia angoje, akavuta hewa ya mtungi. "Zilikuwa nzuri mwaka ule. Siku niliyoondoka. Basi lilichelewa, nikakaa pale kituoni, nikazisikia. Nilihesabu. Arobaini na tano."

 Orville aliweka mkono juu ya blanketi, hakujua aupeleke wapi.

"Basi lilipofika nalia," Denzil aliendelea. "Dereva akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni mdogo wangu huyo, ananiaga." Akapumzika, macho kwenye dari. "Kule chini mgodini, siku ambazo mwamba unalia juu ya vichwa vyetu, nilikuwa nazihesabu tena. Nawaambia wenzangu, nyie mna nini? Mimi nimepigiwa arobaini na tano. Hata jenerali hapigiwi mizinga mingi hivyo."

Reva alicheka huku anajifuta macho. "Amenisimulia hiyo tangu siku ya harusi, shemeji."

"Nilitaka kuisikia tena mara moja tu," alisema Denzil. "Basi."

Orville alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale ulimini, miaka arobaini, na mbele yake alikuwa mtu aliyebakiwa na pumzi za kuhesabika.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Nilikuwa nakuaga."

"Najua," alisema Denzil, akafumba macho. "Sasa nifungie dirisha. Baridi."

Orville akainuka akalifunga. Akabaki amesimama pale amewapa mgongo, zile risasi tano ziko mfukoni, kwa sababu hakuwa na uso wa kuwageukia.