Moshi wa Mbu

"Hivi Bu Rah, injini nayo siku hizi inawekewa pua?"

Aliyeniuliza hivyo, akiniita Bu, yaani mama, alikuwa jirani yangu Kasiyem, amesimama mlangoni mwa gereji yetu na kapu la tempe, vile vipande vya soya iliyovundikwa, mgongoni. Mwanangu Giyarto alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya Wasis. Alikuwa ametoboa bomba la moshi na kuchomelea kiti cha sensa mpya, kihisi cha oksijeni. Mimi nilikuwa nafuta spana. Nikamjibu kwamba ndiyo, pua hasa. Inanusa moshi unaotoka na kumwambia fundi kama injini imeshiba petroli au imebaki na kiu.

"Basi nifungieni na mimi moja," akasema Kasiyem. "Nimnuse mume wangu akirudi, nijue alikuwa wapi."

"Wa kwako hahitaji sensa, Bu," Wasis mwenyewe, aliyeketi pembeni, akamrushia. "Ananuka toka darajani."

Tukacheka. Wasis alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Alimwendeshea mwanangu pikipiki katika mbio za mita mia nne, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, na nyumbani alikuwa na mke, Ningrum, na binti wa miaka mitatu, Ratri.

Nilisoma hadi darasa la sita tu, lakini nimeishi na injini miaka thelathini na moja, tangu nilipoolewa na marehemu Sukarjo hadi nilipomzika. Kwa hiyo nilimwelewa Giyarto aliponieleza. Sensa ya kiwandani inajua maneno mawili tu, petroli nyingi na petroli kidogo. Hii mpya inataja kiasi cha hewa kwa petroli, kwa nambari. Kwa mbio, nambari isimame kumi na mbili na nukta nane. Ikishuka, petroli imezidi na injini ni nzito. Ikipanda, petroli haitoshi, na moto unaanza kula chuma. Ila kabla ya kuifunga kwenye bomba, sensa hutundikwa kwanza kwenye hewa safi ili ijifunze hewa ni kitu gani. Taa ikisimama kijani, unabonyeza kitufe, basi. Ikijifunza vibaya, uongo wake wote utatoka kwa nambari nzuri kama za kweli.

Alhamisi ile Giyarto aliitundika nyuma ya nyumba, kwenye tawi la mpera. Taa ilikuwa bado inapepesa wakati kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza kwamba wapiga moshi wa mbu wameingia mtaani, maana watoto wawili walikuwa wamelazwa kwa homa ya dengi. Tufungue milango, tufunike maji na chakula, tutoe ndege. Kwetu hata mchele unaweza kusahauliwa siku ya moshi, lakini ndege hasahauliki. Marehemu aliacha tetere watano wa kuimba, na moshi ule huwaua. Giyarto akashika vizimba vitatu mkono huu na viwili mkono ule.

"Mama, taa ikiacha kupepesa, bonyeza hiki, mara moja tu. Nawapeleka ndege mtoni."

"Na moshi je?"

"Bado wako msikitini. Taa itawahi."

Taa haikuwahi. Moshi ulikuja juu ya ua, mweupe, mzito, unanuka dizeli na dawa. Nikaziba pua kwa mtandio na nikabaki pale pale, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa. Ndani ya moshi ule ile taa ikasimama kijani. Nikabonyeza. Nikasema Alhamdulillahi.

Giyarto aliporudi na vizimba vyake aliuliza, "Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

Hakuuliza lini. Nami sikuona la kuongeza.

Jumamosi waliifunga pikipiki juu ya roli za kupimia, tairi lizunguke papo hapo, na kuivumisha asubuhi nzima. Nambari ilisoma chini, kumi na mbili kamili, kumi na mbili na nukta mbili. Giyarto akapunguza petroli kwenye kompyuta ya injini, akapunguza tena, mpaka ikasimama pale alipopataka. Wakazima. Mimi nikafungua plagi kuifuta, kazi niliyomfanyia marehemu miaka yote. Yeye alitaka ncha ya plagi iwe na rangi ya sukari ya mnazi. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Giyarto, plagi imechomeka. Tazama."

"Mama, kusoma plagi ni mambo ya enzi za Baba. Tuna nambari sasa."

"Plagi nyeupe ni nyeupe, enzi yoyote."

"Bu Rah anatupigia ramli," akasema Wasis. "Mimi nilihisi joto miguuni, lakini si ndiyo mbio hizo?" Akamgeukia Giyarto, ambaye alizoea kumwita Mas, yaani kaka. "Nambari inasemaje, Mas?"

"Safi."

"Basi safi."

Nikairudisha plagi mahali pake. Nilijiambia nimezeeka na vyombo vimeendelea.

Jumapili Wasis alikuja kuchukua pikipiki akiwa amenuna. Alituambia amegombana na mkewe. Ningrum alikuwa amemwambia, "Kama mbio ndiyo mkeo, kalale nazo." Baadaye akacheka mwenyewe, akasema akirudi na kikombe atamnunulia mishikaki ya satay, yataisha.

Sikwenda uwanjani. Walionieleza walisema ni mbio zake za tatu siku ile, amebakiza kama mita mia, injini ikapiga yowe kisha ikakata ghafla, tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Alirushwa. Hakufika hospitali akiwa hai. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Jumanne Giyarto aliipasua injini peke yake. Nilipomletea chai nilimkuta ameketi sakafuni na pistoni mkononi. Ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

"Mama. Ulibonyeza kabla ya moshi au baada?"

"Ndani ya moshi."

Aliiweka pistoni chini taratibu, kama yai. Akaniambia bila kunitazama kwamba sensa ilidhani moshi wa mbu ndio hewa safi. Ndiyo maana iliona petroli nyingi mahali ambapo haikuwa nyingi, naye akapunguza, akapunguza.

"Tunyamaze, Mama. Ajali ni amri ya Mungu."

"Amri ni ya Mungu. Kidole ni changu."

"Ukisema, hakuna atakayetuletea hata baiskeli. Watoto wangu wale nini? Wasis harudi."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonifunga mdomo siku nne. Nilisali sala zangu kwa wakati. Kila niliposujudu nilisikia harufu ya dizeli.

Siku ya saba, baada ya Alasiri, tulikuwa jikoni kwa mama yake Wasis, Bu Sarinten, tukipika chakula cha watakaokuja kumsomea Wasis. Ningrum alikuwa pembeni anakuna nazi. Ratri alikuwa amepakatwa na bibi yake. Wanawake tulikuwa sita, mvuke umejaa, na Sarinten akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua:

"Kesho kaka yake Ningrum anakuja kumchukua, arudi kwao Wonogiri. Mtoto anabaki hapa."

"Bu, mtoto bado mdogo," akasema Kasiyem.

"Hawezi kulelewa na mdomo uliomuua baba yake. Mwanangu alitoka kwenye mlango huu na laana kichwani. Kalale nazo! Si ndivyo ulivyomwambia, wewe?"

Ningrum hakuinua kichwa. "Ndivyo, Bu," akasema. Alikuwa amekwisha kuamini. Alikuna nazi mpaka kifuu kikaanza kukwaruza meno ya mbuzi, na hakuona.

Nikaweka mwiko chini.

"Bu Sarinten, si yeye. Injini ilikufa kwanza."

Nikasema yote. Moshi, taa, kitufe, plagi nyeupe niliyoiona nikaiachia, pistoni yenye tundu. Sikumtaja Giyarto zaidi ya ilivyohitajika, lakini alikuwa amesimama mlangoni na mikeka begani, na wote walimgeukia.

"Mas, ni kweli?" Kasiyem akamuuliza.

Giyarto alitazama miguu yake. "Ni kweli."

Sufuria ya wali ilikuwa inatokota na hakuna aliyeiepua. Sarinten akanigeukia.

"Siku saba," akasema. "Siku saba umekaa kwenye mikeka yangu unanisomea Yasin."

"Ndiyo."

"Umeniulia mwanangu kwa kidole, halafu ukaja kunikatia vitunguu."

"Ndiyo, Bu."

Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Badala yake alimkumbatia mtoto kwa nguvu, akamgeukia Ningrum.

"Hata hivyo," akasema, "hata hivyo alitoka na hasira. Mtu mwenye hasira hasikii injini. Mtoto anabaki."

Kasiyem akasema, "Astaghfirullah, Bu." Mimi nilikuwa nimekwisha kusema nililokuwa nalo, na nikaona halikutosha.

Ningrum akaweka kifuu chini. Akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Akamwendea mama mkwe wake, akainama, akamtoa Ratri mapajani mwake. Sarinten alishika vazi la mtoto, kisha vidole vikamlegea. Ningrum akamfunga binti yake kiunoni kwa kitambaa cha kubebea. Alinitazama mara moja, kama mtu anavyotazama mahali alipojikwaa. Akampita Giyarto mlangoni, akavuka ua katikati ya wanaume waliokuwa wakitandika mikeka, akatoka mpaka barabarani.